Sura ya 7: Joto Hulipiwa Mara Mbili

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 za barabara, na ukijumlisha milima na mabonde yote ya njiani utakuwa umeteremka zaidi ya mita 600. Butembo imekaa vilimani, kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu huenda sokoni wamevaa masweta. Beni iko kwenye mita 1,100 hivi, karibu na ukingo wa msitu wa Ituri, na ikifika saa nane mchana hakuna anayekumbuka sweta. Miji yote miwili iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo tofauti ya joto lao haitokani na majira ya mwaka. Inatokana na kimo. Kompyuta iliyoundwa Butembo ikafanya kazi kwa utulivu inaweza kufikishwa Beni na kuanza kuunguruma siku hiyohiyo, na mwenyewe akaamini kwamba imeharibiwa na mitikisiko ya njiani.

Sura hii ni ya huyo mwenye kompyuta. Ni mwanafunzi wa Université Catholique du Graben pale Butembo, chuo kilichoanzishwa mwaka 1989, au wa Université Chrétienne Bilingue du Congo pale Beni, kilichoanza 2007, anayeandika kazi yake ya kumaliza masomo usiku. Ni mwenye duka la kuchapa na fotokopi. Ni kijana anayehariri video za harusi na za kwaya. Kompyuta yake hakuinunua ikiwa nzima dukani. Ameiunganisha mwenyewe: mazabodi na prosesa vya mashine ya ofisi iliyokwisha kutumika Ulaya au Ghuba, ikashushwa bandari ya Mombasa na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi; kadi ya michoro kutoka kwa mfanyabiashara mwenye mzigo wa Guangzhou; keisi kutoka popote. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana toka Dubai hadi China, na kwa sababu yao vipande hivi vinapatikana katika mji ulio mbali sana na bahari. Ila vipande havikuzaliwa pamoja. Hakuna kiwanda kilichokaa kikapima kama feni hii inatosha prosesa hii ndani ya keisi hii. Kazi hiyo imebaki kwa mwenyewe.

Mteja akimwendea fundi na kumwambia, "Fundi, mashine inapata moto," jibu la kwanza analopewa ni feni kubwa zaidi, au feni ya pili, au feni ya mezani iliyoelekezwa kwenye keisi iliyofunguliwa ubavu. Naliheshimu jibu hilo kwa sababu linafanya kazi kwa siku chache, lakini naamini ndilo linaloua kompyuta nyingi za miji hii miwili. Swali la feni lisiwe la kwanza. La kwanza liwe hili: joto lenyewe linatoka wapi, na ni la lazima kiasi gani?

Linatoka kwenye waya wa umeme. Kompyuta haiinui mzigo wala haisukumi gari. Karibu kila wati inayoingia kupitia soketi inaishia kuwa joto ndani ya keisi. Mashine inayokula wati 120 ni hita ya wati 120. Mahali ambapo umeme ni wa bei rahisi na haukatiki, hilo ni jambo la vitabuni. Butembo na Beni, ambako watu wengi wameishi miaka mingi kwa jenereta, sola na betri, ni hesabu ya mfukoni. Unalipia umeme unaozaa joto, kisha unalipia tena kuliondoa.

Tufanye hesabu ya betri moja. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 na Ah 100 inabeba Wh 1,200, lakini betri ya risasi ukiitoa zaidi ya nusu unaifupishia maisha, kwa hiyo una Wh 600. Inveta inakula sehemu yake. Zinabaki kama Wh 510. Kompyuta ya wati 120 itakaa saa nne na robo. Ukiishusha hadi wati 70, itakaa saa saba na dakika kadhaa. Kwa mwanafunzi aliyebakiwa na sura mbili za kuandika, huo ni usiku mzima wa kazi, na feni yake itakuwa ikizunguka polepole kwa sababu joto la kuondoa limepungua kwa zaidi ya theluthi.

Wati 50 hizo zinapatikana wapi? Anza na uchaguzi wa prosesa, kabla hujatoa pesa. Core i5-2400 ya mwaka 2011, ambayo imejaa kwenye mashine za ofisi za zamani, imeandikiwa wati 95. Core i5-6500 ya mwaka 2015 imeandikiwa wati 65, na inafanya kazi nyingi zaidi kwa muda uleule. Ukikuta zote mbili sokoni na tofauti ya bei ni ndogo, usiangalie bei ya leo peke yake. Hesabu mafuta ya jenereta ya mwaka mzima.

Kama prosesa tayari unayo, zima ule uwezo wake wa kujiongezea kasi, unaoitwa Turbo. Prosesa ikijiongezea kasi hujiongezea na volti, na umeme unaotumika hupanda kwa mraba wa volti: ukipunguza volti kwa asilimia 10 tu, matumizi yanashuka kwa asilimia 19 hata kama kasi haijaguswa. Turbo inazimwa ndani ya BIOS, ile menyu inayofunguliwa kompyuta inapowashwa. Pasipo na nafasi hiyo, kwenye Windows nenda kwenye mipangilio ya umeme, tafuta kiwango cha juu cha prosesa, badala ya asilimia 100 uandike 99. Inaonekana ni kitu kidogo mno, lakini kwenye prosesa nyingi za Intel asilimia moja hiyo ndiyo inayofunga Turbo. Anayechapa barua na kutoa fotokopi hataona tofauti. Anayehariri video atasubiri kidogo zaidi.

Halafu kuna pawa saplai, kipande ambacho watu hukinunua mwisho kwa pesa zilizobaki. Saplai duni yenye ufanisi wa asilimia 70, ikiombwa wati 100 na mazabodi, inavuta karibu 143 kutoka ukutani. Hizo 43 za ziada inazichoma yenyewe, ndani ya keisi yako. Yenye asilimia 85 inachoma chini ya 18. Alama ya 80 Plus, iliyoanza kutumika mwaka 2004, inasema kwamba saplai ilipimwa ikafikisha walau asilimia 80 kwenye mzigo mdogo, wa kati na kamili. Alama hiyo hughushiwa, kwa hiyo ishike saplai mkononi: ikiwa nyepesi kama boksi tupu, irudishe.

Sasa tuje kwenye hewa, kwa sababu hewa ya Butembo inadanganya. Mtu anasema: huku ni baridi, kompyuta haiwezi kupata shida. Ni kweli kwamba ni baridi. Lakini feni haibebi baridi, inabeba hewa, na kadiri unavyopanda mlima hewa inapungua uzito. Kwenye kimo cha Butembo, mita moja ya ujazo ya hewa ina kama asilimia 84 ya uzito ambao ingekuwa nao Mombasa. Beni ni kama asilimia 90. Feni ikizunguka mara 1,200 kwa dakika inasukuma ujazo uleule kotekote, ila Butembo ni sawa na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inayokwenda kwa mwendo wa siku zote ikiwa na magunia matano badala ya sita. Joto linalobebwa kila safari ni pungufu.

Wahandisi wa vyumba vya seva wana kanuni ya kulishughulikia jambo hili: ukivuka mita 900 hivi, kila mita 300 unazopanda, punguza nyuzi 1 kwenye joto la juu kabisa la chumba ambalo mashine inaruhusiwa kufanyia kazi. Kwa Butembo hiyo ni karibu nyuzi 3. Kwa Beni haifiki nyuzi 1. Chumba cha Butembo chenye nyuzi 24 mchana, machoni pa feni, ni kama chumba cha nyuzi 27 kule pwani. Chumba cha Beni chenye nyuzi 29 kinakaribia kuwa cha nyuzi 30. Kwa hiyo zile nyuzi 5 alizojivunia mtu wa Butembo zimebaki kama 3. Bado ana nafuu, lakini si ile aliyodhani. Na kama ni yeye aliyeweka mipangilio ya feni usiku wa Butembo wenye nyuzi 15, kisha akampelekea ndugu yake mashine hiyo Beni, amempelekea mipangilio ya mahali pengine.

Adui mkubwa kuliko kimo ni vumbi. Barabara nyingi za Butembo ni za udongo mwekundu, na katika miezi ya ukame, Januari na Februari, kisha Juni na Julai, kila lori linaloelekea Beni linaacha wingu linalotua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa na ndani ya kila tundu. Kazi ya kuweka lami kwenye barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na Beni hadi Butembo, iliyozinduliwa 2021 kwa makubaliano ya Kongo na Uganda, inahusu biashara na usalama. Lakini kila kipande cha lami ni vumbi pungufu madukani, na anayeuza kompyuta pembeni mwa barabara anaijua tofauti hiyo kwa kidole.

Fungua keisi iliyokaa miaka miwili kando ya barabara ya udongo. Mapezi ya feni yana ukingo wa udongo mgumu upande unaokata hewa. Ingoe feni ya prosesa, na utaona mahali vumbi lilipo hasa: limelala kati ya feni na hitisinki, juu ya mapezi yake ya alumini yanayopoza prosesa, limeshikana na nyuzinyuzi za nguo na moshi wa jikoni hadi likawa kitambaa kizima cha kahawia. Unaweza kulichomoa kwa vidole viwili likaja lote kwa pamoja. Feni juu yake ilikuwa ikipiga kelele, nzima kabisa, inasukuma hewa kwenye kitambaa. Hakuna feni kubwa ambayo ingeokoa hali hiyo. Ingekifanya kitambaa kishikane zaidi.

Safisha kwa brashi kavu ya kupakia rangi. Watu wengine hupeleka keisi kwa fundi wa matairi ili apulize kwa kompresa, nami nawaomba wasifanye hivyo bila tahadhari mbili. Tangi la kompresa hukusanya maji, na maji hayo hutoka na hewa. Basi puliza kwanza pembeni mpaka hewa itoke kavu. Na uyashike mapezi ya feni kwa kidole, kwa sababu hewa hiyo huizungusha kwa kasi ambayo beringi yake haikutengenezewa. Feni yenye beringi ya bushi iliyoanza kulia asubuhi huokolewa kwa tone moja la mafuta ya cherehani chini ya ile stika ya katikati. Mafuta ya kupikia hayafai. Baada ya wiki chache yanakuwa gundi. Ukiiondoa hitisinki, usiirudishe juu ya pasta ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka. Futa pande zote mbili, weka pasta mpya kiasi cha punje ya mchele, kaza taratibu kwa kupokezana pembe kwa pembe.

Kuzuia ni bora zaidi. Funga ubavu wa keisi. Najua mkono ukisogezwa pale unahisi hewa ya moto na moyo unataka ubaki wazi, lakini keisi iliyo wazi haina njia ya hewa: feni inavuta hewa ileile iliyoitoa, na mende na mijusi wanapata nyumba. Weka feni ya kuingiza mbele chini, ya kutoa nyuma juu, na hakikisha inayoingiza inashinda kidogo inayotoa. Hapo presha ndani ya keisi inazidi ya nje, na kwenye kila ufa hewa inatoka badala ya kuingia. Kisha chuja pale mbele tu. Kipande cha soksi ya nailoni kilichonyooshwa mbele ya feni kinakamata vumbi la barabarani vizuri kuliko kipande cha chandarua, ambacho matundu yake ni makubwa mno. Chandarua kikikunjwa mara mbili kinakamata nyuzi za nguo, basi. Kichujio kioshwe kila wiki wakati wa ukame. Kisipooshwa, ndicho kinakuwa kile kitambaa.

Wilaya ya Lubero, inayouzunguka mji wa Butembo, ina mahali ambapo kazi hii ya kupitisha hewa imefanywa kwa kiwango kikubwa sana. Hifadhi ya Taifa ya Virunga ina kituo cha umeme wa maji pale Luviro. Mwaka 2020, mapato ya utalii yakiwa yamekauka na umeme wa Luviro ukiwa bado haujawafikia watumiaji wake, hifadhi, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, ilishirikiana na Mfaransa Sébastien Gouspillou kuweka kompyuta za kuchimba bitkoini hapohapo penye umeme. Taarifa zilizochapishwa mwanzoni mwa 2023 zilitaja makontena 10, kila moja likiwa na mashine 250 hadi 500. Tuchukue mashine 300 za wati 1,500 kila moja: kontena moja linazaa kilowati 450 za joto, usiku na mchana. Iwapo bitkoini ni matumizi mema ya maji ya Luviro ni mjadala wake, na watu wa Lubero wasio na taa wana haki ya kuuliza. Mimi nachukua somo la hewa tu. Makontena ya namna hiyo kwa kawaida hupozwa na hewa ya nje, bila kiyoyozi, kwa sharti moja: upande mmoja unavuta hewa ya nje, upande wa pili unatoa ya moto, na kati yao hapana hata tundu la kurudia. Mashine inayovuta pumzi ya jirani yake haipoi hata ikiwa na feni kumi.

Nyumbani sharti ni lilelile. Keisi iliyosukumwa ndani ya kabati, au iliyobanwa nyuma na ukuta, inavuta pumzi yake yenyewe. Iache sentimita 15 kutoka ukutani, na usiiweke sakafuni penye vumbi. Matofali mawili yanatosha.

Ukishamaliza hayo ndipo ushike kasi ya feni, na utashangaa jinsi ilivyobaki kazi ndogo. Feni ya waya nne ina waya wa chini, wa volti 12, wa tatu unaoripoti mizunguko, na wa nne unaopokea amri: mazabodi hutuma mapigo 25,000 hivi kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio unaosema feni iende kasi gani. Feni ya waya tatu haina huo wa nne. Hupunguzwa kwa kushushiwa volti, na volti ikishuka mno inasimama. Mashine za ofisi za Dell na HP zina tabia yake: zikikosa feni ziliyoizoea, au plagi ikiwa ya umbo jingine, huonyesha onyo kila zinapowashwa na kungoja ubonyeze kitufe. Kwa duka ambalo umeme unakatika mara nyingi kwa siku, hiyo ni kero ya kweli. Kagua plagi kabla ya kununua mazabodi ya aina hiyo.

Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, hewa inayopita inakuwa nusu, lakini umeme inaotumia unashuka hadi kama sehemu moja ya nane, kelele inapungua sana, na vumbi linaloingia nalo linakuwa nusu. Joto la prosesa, kwa upande wake, halipandi maradufu. Kutoka robo tatu ya kasi hadi kasi kamili mara nyingi unapata nyuzi chache tu. Prosesa nyingi za Intel za mezani zinavumilia hadi nyuzi 100 hivi kabla ya kujipunguzia kasi zenyewe, na Ryzen nyingi hadi 95. Kwa hiyo anayepigania prosesa ikae kwenye nyuzi 45 siku nzima anapoteza umeme na kujaza vumbi bure. Mimi naiacha feni kwenye theluthi ya kasi mpaka nyuzi 55, ipande polepole mpaka nyuzi 75, na kasi kamili naiweka kwenye 85. Mstari uwe wa mteremko laini. Ukiweka ngazi kali, feni itapanda na kushuka kila sekunde chache, na hilo linachosha beringi na masikio.

Kama BIOS yako haina nafasi ya kuchora mstari huo, Linux inayo. Programu ya lm-sensors inasoma vihisio. Pwmconfig inajaribu kila feni kwa zamu, inaishusha mpaka isimame, inaandika ni thamani gani kati ya 0 na 255 iliyoisimamisha na ni ipi inayoianzisha tena. Thamani hizo mbili hazilingani: feni iliyosimama inahitaji msukumo mkubwa zaidi kuanza kuliko kuendelea, na feni yenye vumbi inahitaji mkubwa zaidi ya huo. Ongeza akiba juu ya ile ya kuanzia. Kisha fancontrol inashika kazi na kupima kila sekunde 10. Kwenye Windows, programu ya Fan Control inafanya kazi hiyo kwa mazabodi nyingi, ingawa si zote.

Jaribio lifanywe mahali na saa ambapo mashine itateseka. Kama kompyuta ni ya Beni, ipime Beni, saa nane mchana, ubavu umefungwa, kichujio kipo mahali pake, jenereta au betri ileile itakayotumika. Ipe kazi nzito kwa nusu saa, kwa mfano kubadilisha video ndefu, kwa sababu dakika tano hazitoshi kupasha moto hewa ya keisi nzima. Joto likisimama chini ya nyuzi 80, iache mipangilio. Likizidi kupanda, usiguse feni bado. Rudi kwenye wati, punguza kasi ya juu ya prosesa hatua moja, upime tena. Namba utakayoipata iandike kwa kalamu ya wino ndani ya ubavu wa keisi, pamoja na tarehe na jina la mji. Atakayeifungua mwaka kesho na kukuta mashine ileile, kwa kazi ileile, imepanda nyuzi 12, atajua achukue brashi.